Dada Yangu Alikataa Kusomea Ujasiriamali

"Mama, hiyo falsafa inashonwa kwa uzi gani?"

Aliyeuliza ni mtoto wa kwanza wa dada yangu. Tulikuwa dukani kwake dada, mimi nikiwa chini ya meza ya cherehani nakaza mguu uliolegea, kwa hiyo sikumwona dada usoni. Niliona miguu yake tu. Mguu wa kulia ulikanyaga pedali, mashine ikanguruma, pindo la sketi ya shule likaenda mpaka mwisho. Ndipo akajibu.

"Uzi ule ule ulioshonea suruali uliyovaa."

Huyu mpwa wangu tunamwita Meneja. Si meneja wa chochote, anauza simu katika duka la mtu, lakini hufunga tai hata siku ya kufua nguo. Si mtoto mbaya. Tatizo lake ni kwamba akishapata wazo moja hulivaa kama ile tai, halivui.

"Nasema kwa kukupenda, mama. Watu wanakwenda chuo ili wapate kitu. Uhasibu upo, biashara ipo. Na duka unalo tayari! Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Nimeinama juu ya hii cherehani tangu hujazaliwa," dada akasema. "Cha mvunguni nimeshakichukua, nimekulisha wewe. Sasa nataka cha darini. Nipishe mwanga."

Meneja akasogea, maana kweli alikuwa amemkingia mwanga.

Watu wa mtaani kwetu humwita dada yangu Mama Sare. Anashona sare za shule, na shule zinapokaribia kufungua, mlango wake unakuwa kama kisima wakati wa ukame, kila mzazi na mtoto wake mkononi. Watoto wengi wa mtaa wetu wamepita geti la shule wakiwa wamevaa kola aliyoikata yeye. Mwenyewe aliishia kidato cha pili. Baba alifariki, mama akabaki na cherehani moja na sisi, na dada ndiye aliyekuwa mkubwa. Sketi yake ya shule aliifumua mwenyewe, mshono kwa mshono, akaipiga pasi, akanishonea kaptura. Niliivaa mpaka nikamaliza darasa la saba, kisha nikaenda kujifunza useremala. Hadithi hiyo dada huisimulia bila kulia, kama mtu anayekueleza jinsi ya kugeuza kola iliyochakaa.

Watoto wake walipoanza kujitegemea, alijiandikisha masomo ya jioni. Alikaa kwenye madawati ya shule ya msingi ambayo magoti yake hayakutoshea. Hesabu akafeli, akarudia, akafaulu. Katika chumba cha mtihani, kijana aliyekaa pembeni yake alikuwa amevaa shati lililotoka dukani kwake, na dada anasema kilichomsumbua siku hiyo si maswali, ni kifungo cha pili cha lile shati kilichokuwa kinaning'inia. Baadaye barua ya chuo ikaja: amepata nafasi, Kitivo cha Sanaa.

Chuo chenyewe ni kile ninachofanyia kazi. Mimi ni seremala wa pale, natengeneza milango, madawati na makabati. Miaka yote nimefunga bawaba za madarasa na sikuwahi kujua humo ndani kunafundishwa nini. Mimi si mtu wa kuuliza. Dada ndiye aliyeniambia.

Walimpa mwongozo wa kozi, kitabu chembamba chenye jalada la bluu. Alikisoma kama mtu anavyosoma kadi ya mwaliko, anarudia rudia kuhakikisha jina ni lake. Alinisomea kwa sauti huku nikimrekebishia rafu.

"Sikiliza, mdogo wangu. Utangulizi wa Isimu. Hawa wanaifumua lugha waone ilishonwaje. Historia ya Miji na Masoko. Soko lina historia! Ningejua ningevaa vizuri nikienda. Fasihi Simulizi. Sanaa za Maonyesho. Dini na Jamii. Historia ya Muziki. Hii hapana, mimi nikiimba hata mbuzi huomba radhi."

"Unachukua zipi?"

"Tatu za lazima zinajulikana. Ya hiari ni moja." Akalaza kidole juu ya ukurasa. "Hii. Falsafa: Utangulizi wa Kufikiri. Wameandika hapa, 'Kozi hii inauliza haki ni nini, na nani mwenye kuamua.' Swali hili ninalo tangu nifumue ile sketi. Kumbe lina chumba chake na mwalimu wake na saa yake kwenye ratiba."

Alizitia alama kozi zake kwa chaki ya kukatia nguo. Chaki ikafutika kwa kushikwashikwa, akatia tena, ikafutika. Mwisho akachoma pini, moja kwa kila kozi. Alipokipeleka kitabu kwa mratibu wa kozi, mratibu akajichoma kidole. Tangu siku hiyo ofisini walimtaja kama yule mama wa pini.

Chumba cha falsafa kiko mwisho wa jengo la chini, dirisha lake halifungi vizuri, nimelitengeneza mara nyingi na mvua ikija linasahau. Mwalimu wake ni mwanaume mwembamba mwenye kikohozi, suruali zake zimeachia pindo. Wanafunzi walikuwa tisa, pamoja na dada. Siku ya kwanza mwalimu aliuliza swali, darasa likanyamaza, dada akajibu. Akasema haki ni kila mtu apate kitambaa kinachomtosha.

Jioni alikuja karakanani kwangu bila hata kupitia dukani. Uso ulikuwa unawaka.

"Amenikatalia!" akasema.

"Nani?"

"Mwalimu! Kasema, 'Mama, sikubaliani na wewe, na nitakuambia kwa nini.' Akauliza nani atakayepima hao watu, na je, aliyenenepa kwa kula vya wenzake naye apewe kitambaa kirefu. Mdogo wangu, watu wamenikatalia maisha yangu yote. Huyu ndiye wa kwanza aliyenipa sababu."

Nikampa kiti. Hakukaa.

Wiki ya pili haijafika katikati, tangazo likabandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mratibu. Kozi yoyote ya hiari itakayokuwa na wanafunzi chini ya kumi na wawili ifikapo Ijumaa itafungwa, na wanafunzi wake watahamishiwa kozi ya Ujasiriamali. Falsafa ilikuwa ya kwanza kutajwa.

"Ujasiriamali!" Dada alikuwa amesimama mbele ya lile tangazo, mikono kiunoni, na wanafunzi wadogo wakimpita kwa mbali. "Mimi! Wanifundishe kufungua duka! Kwa nini wasimfundishe na samaki kuogelea?"

"Wengine wanasema ni kozi rahisi," nikamwambia.

"Kwangu ni rahisi sana. Ndiyo maana sitaki. Sikuja hapa kulipia ninachokijua."

Sasa niseme jinsi mafundi wa sare wanavyofanya kazi, maana bila hilo mtu hataelewa alichokifanya. Fundi hafungui jora zima la kitambaa kwa sare chache, ni hasara. Oda isipotimia, anakwenda hadi kwenye banda la jirani, anawaita wateja waliokaa kwenye benchi wakisubiri. Anawasifia rangi ya kitambaa chake, anawaahidi kupiga pasi, anawavuta mpaka oda itimie. Sokoni hilo si kosa. Jirani atanuna leo, kesho naye atakuja kuvuta wateja wako, na maisha yanaendelea.

Dada akafanya hivyo hivyo chuoni. Alipita koridoni, akakuta vijana kwenye benchi nje ya chumba cha Historia ya Muziki. Akakaa nao. Ukimpa dada yangu benchi na mtu wa kuongea naye, huyo mtu ni wake. Aliwaeleza habari za yule mwalimu anayekataa kwa sababu, akawauliza kama wamewahi kubishana na mtu mzima bila kupigwa. Watatu wakaenda kubadilisha kozi siku hiyo hiyo. Falsafa ikawa na watu kumi na wawili. Dada alikuja dukani akipiga vigelegele, akashona jioni nzima.

Alhamisi mchana alikuja binti mrefu, gitaa mgongoni. Mimi na Meneja tulikuwepo. Binti akasimama mlangoni.

"Mama Sare ni nani hapa?"

"Mwenye mkasi," dada akasema.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Unataka blauzi?"

"Sitaki blauzi. Nimekuja kukugombeza, mama. Ila nimeona nikuamkie kwanza."

Meneja akacheka. Dada hakucheka. Akamwambia binti, "Haya, gombeza."

"Umetuvutia watu watatu. Tulikuwa kumi na watatu kwenye muziki, sasa ni kumi. Leo wametuongeza kwenye tangazo. Mwalimu wetu amejifungia ofisini. Mimi nimekuja chuo kwa ajili ya kozi ile, mama. Hii wewe unayoiita ya hiari, kwangu ndiyo ya lazima."

Dada aliweka mkasi mezani. Aliuweka polepole, kama chombo cha mtu mwingine.

"Sikujua," akasema.

"Hukuuliza."

Nilijifanya natafuta msumari. Meneja hawezi kukaa kimya, akasema, "Si nilisema lakini? Hizo kozi zinakufa zenyewe. Dunia imeshajibu, mama. Kachukue Ujasiriamali, upate cheti chako, tupumzike wote."

"Dunia haijajibu kitu," dada akasema. "Aliyejibu ni mratibu." Akamgeukia binti. "Fundi akikosa wateja watatu, kesho yake anafungua banda kama kawaida. Nilidhani darasa ni hivyo. Nimekukosea. Kesho asubuhi uje mlangoni kwa mratibu, na wale watatu uwaburute uje nao."

"Utawarudisha?"

"Sijui nitafanya nini. Ninachojua, sitaki kusoma habari za haki juu ya kaburi la kozi yako."

Binti akamtazama, akapandisha gitaa begani. "Una mdomo, mama," akasema, akaondoka.

Siku ya Ijumaa mimi nilikuwa ndani ya ofisi ya mratibu tangu asubuhi, kwa sababu mlango wa kabati lake ulikuwa unasuguana na ndiyo siku niliyopangiwa kuuranda. Mratibu ni mama mnene kidogo, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Watu wanamchukia kwa ajili ya matangazo anayobandika, lakini matangazo hayatungi yeye. Dada aliingia na wale vijana watatu na binti wa gitaa. Nyuma yao koridoni walikuwepo wengine wa kozi zote mbili, na yule mwalimu wa falsafa akikohoa.

"Mama wa pini," mratibu akasema. "Leo umekuja na sindano?"

"Leo nimekuja na kosa langu. Hawa niliwatoa muziki nikawaingiza falsafa. Muziki unataka kufungwa kwa sababu yangu."

"Basi warudi muziki. Falsafa itafungwa."

"Sitaki ifungwe."

"Basi wabaki. Muziki utafungwa." Mratibu akavua miwani. "Mama yangu, mimi sina kozi ya kukuongezea. Ni hii au ile. Chagua."

"Sichagui."

"Huwezi kusema huchagui."

"Nimeshasema." Dada akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya ofisi yoyote. "Nimechagua maisha yangu yote. Nisome au mdogo wangu avae. Nilipe chumba au nilipe ada ya mtoto. Kila nikichagua, aliyeniambia nichague anarudi kwenye chakula chake. Leo nauliza kwanza: kanuni inamkataza mtu kusoma zote mbili?"

Nililaza randa chini. Mratibu akavaa tena miwani.

"Haimkatazi," akasema. "Ipo kozi ya ziada. Lakini wa mwaka wa kwanza mpaka mwalimu wake mmoja aweke sahihi, na akiifeli inaandikwa kwenye matokeo yake. Ndiyo maana hakuna anayeiomba. Ni mzigo."

Dada akawageukia wale watatu. "Mmesikia. Mkichukua zote mbili, hakuna kinachofungwa."

Kijana mmoja, mwenye kofia, akaruka. "Ngoja kwanza, mama! Wewe ndiye uliyetuvuta, sasa unatubebesha na gunia?"

"Ndiyo."

"Na wewe mwenyewe utabeba nini?"

"Nitasoma muziki."

Hapo nilishindwa kujizuia, nikacheka, nikajifanya nimepaliwa na vumbi la mbao. Dada akaninyooshea kidole bila kunitazama. "Huyo anayecheka ni ndugu yangu, ananijua ninavyoimba. Hata hivyo nitasoma. Nikifeli nitafeli mbele yenu."

Wawili wakakubali. Yule wa kofia akakataa. Alisema kwao anasaidia kazi mpaka usiku, nafasi ya gunia la pili hana, anarudi kwenye muziki wake. Dada akamwambia ana haki, aende kwa amani, na alisema hivyo bila kinyongo. Muziki ukapona. Lakini falsafa ikabaki na pengo la mtu mmoja.

Mratibu akahesabu, akahesabu tena. Nilimwona anatamani hesabu idanganye. "Kumi na mmoja," akasema. "Pole, mama."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka nifunge ofisi."

"Basi hujafunga."

Hakuinuka. Mratibu aliendelea na karatasi zake, mimi nikaendelea na mlango ambao ulikuwa umeshakwisha. Niliuranda kidogo tu, nikiogopa utakuwa mwembamba kama karatasi. Koridoni walikuwa wanabishana. Mwalimu wa falsafa alisema atakwenda kumwona mkuu wa kitivo, dada akamwambia, "Mwalimu, wewe kaa hapo, sahihi yako itahitajika." Akakaa. Mara binti wa gitaa, ambaye muda wote alikuwa ameegemea ukuta, akaja mpaka mezani.

"Andika jina langu falsafa," akasema. "Ya ziada."

Dada akamwangalia. "Mwanangu, wewe hudaiwi hivyo. Mimi ndiye ninayedaiwa radhi."

"Sifanyi kwa ajili yako. Jana nilirudi nyumbani, nikapata majibu mazuri kuhusu ule mdomo wako, na nilikuwa nimeshaondoka kwako. Nataka chumba ambacho nitakukuta kila wiki."

"Utanikuta."

"Na usidhani nitakuamkia humo ndani."

"Humo ndani hatuamkiani," dada akasema. "Humo tunakataliana."

Mwalimu akaweka sahihi akiwa amesimama, karatasi juu ya lile kabati nililokuwa nalitengeneza, akakohoa, akaweka nyingine. Alipotoka, dada alimwita. "Mwalimu, hiyo suruali niletee. Siwezi kufikiri vizuri nikiitazama."

Kila mtu alipokwisha kuondoka, mratibu akanigeukia. "Fundi, kumbe yule ni dada yako?"

"Ndiyo."

"Na nyumbani yuko hivi?"

"Hivi hivi."

Akatikisa kichwa, akatoka, akabandua lile tangazo mlangoni yeye mwenyewe.

Mwaka ule haukuwa mwepesi. Dada alishona asubuhi kabla ya darasa na jioni baada ya darasa. Wateja wawili watatu walimhama, wakisema Mama Sare siku hizi ana majibu. Kwenye muziki alihangaika sana. Binti wa gitaa alikuwa akija dukani kumfundisha mapigo, na dada alishindwa kuyashika kwa mikono mpaka binti alipomwambia akanyage pedali. Kwenye falsafa wawili hao waligombana kila wiki, mwalimu katikati yao, pindo lake limenyooka.

Matokeo yalipobandikwa, Meneja alikwenda kuyaangalia kabla ya mama yake. Falsafa amefanya vizuri, na zile tatu za lazima amepita. Muziki amepata D.

"D, mama," akasema. "Imeandikwa, itakaa hapo daima. Ungechukua Ujasiriamali ungepata A ukiwa umelala."

"Hiyo A ni ya aliyelala. Hii D ni yangu." Akakata uzi kwa meno. "Na punguza tai, inakubana damu ya kichwa."

Kisha mwaka mpya wa masomo ukakaribia. Nilikuwa nabadilisha kitasa jengo la juu, nikaona mratibu anabandika karatasi. Aliponiona alisogea pembeni. Nikasoma. Kiwango kimepanda. Kozi ya hiari isiyofikisha wanafunzi kumi na watano itafungwa, na safari hii kozi zilizotajwa zilijaa nusu ya ukurasa: Falsafa, Historia ya Muziki, Fasihi Simulizi, Dini na Jamii, mpaka Sanaa za Maonyesho.

Nilikwenda dukani nikiwa sijui nitaanzaje. Dada alikuwa anapima bega la mtoto, pini mdomoni. Nikamweleza. Alimaliza kumpima yule mtoto, akamwambia mama yake arudi Jumanne, akatema pini moja moja kwenye kiganja.

"Kumi na watano," akasema.

"Ndiyo."

"Na nusu ya ukurasa."

"Ndiyo, dada."

Akavuta ule mwongozo wa bluu kutoka chini ya jora la kitambaa, akaufungua kwenye orodha ya kozi, akachoma pini kwenye kozi ya kwanza iliyotajwa, kisha ya pili, kisha ya tatu.

"Mwite yule binti," akasema. "Na niletee benchi refu, la kukaa watu wengi."